Jaketi Lililobaki Msumarini

Farasi aliyekuwa ameshamvunja Mganda mmoja mbavu alinijia mwenyewe, polepole, akaniwekea kichwa begani.

Mimi na farasi wapi na wapi. Mimi ni gadi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mapokezi kwenye jengo moja la Silicon Oasis, nikiwaambia wapangaji kwamba lifti inatengenezwa, inshallah kesho. Farasi nilikuwa nimewaona kwa televisheni tu.

Lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa jaketi la kaka yangu. Na kaka yangu alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, kwetu Kitui, mimi nikiwa huku Dubai nafungulia watu mlango.

Ngoja niwapangie mambo vizuri, ndiyo msije mkanisumbua na maswali.

Naitwa Fridah. Kaka yangu ni Onesmus. Najua natakiwa kusema "alikuwa", lakini ulimi bado unakataa na sitaulazimisha.

Mama yetu, Annah, alituzaa wawili tu. Kwetu maji yalikuwa mbali, kwa hiyo punda ndiye alikuwa mtu wa nne wa nyumba ile. Aliitwa Syombua, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, na mvua kwetu si jambo la kila mwaka. Onesmus alikuwa wa kumfunga mitungi, mimi wa kumtafuta akipotea vichakani. Hiyo ndiyo shule ya wanyama tuliyosoma sisi.

Dubai nilitangulia mimi, yeye akafuata. Akapata kazi ya kufagia mabanda kwenye shamba la farasi, huko nje ya mji ambako maghorofa yanaisha unaanza kuona ngamia. Baada ya muda wakamfanya saisi, yaani mtu wa kulisha farasi, kuwasugua na kuwatembeza.

Shamba lilikuwa la Sir Maan na mdogo wake, Sir Soud. Ni Waarabu wa hapa, lakini wazee wao walikaa Unguja miaka mingi, na nyumbani kwao Kiswahili hakijaisha. Shangazi yao, Bi Kulusumu, alizaliwa huko huko. Mara ya kwanza kumsikia, nyuma ya sauti ya Onesmus kwenye simu, akilalamika kwamba "baridi ya leo haina adabu," nilicheka mpaka nikaona haya.

Sasa, matajiri wakishachoka na magari hutafuta kitu kingine cha kuwasumbua. Sir Maan na wenzake watatu wakaingiwa na wazimu wa farasi mwitu. Wakaagiza wanne kutoka Marekani, wale wanaoitwa mastangi, wanaozaliwa porini bila mwenyewe na hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Kila shamba likachukua mmoja.

Makubaliano yao yalikuwa hivi: kila shamba limfundishe wake, mjeledi marufuku, halafu baridi ikikaribia kuisha wakutane uwanja mmoja waone ni farasi wa nani kamkubali binadamu. Farasi anaachiliwa uwanjani bila kamba. Mwalimu wake anaingia peke yake, anamshika, anamvika hatamu, anamvusha daraja la mbao, anamtandika tandiko mgongoni. Kwenye karatasi ni mchezo wa watoto.

Wa Sir Maan alikuwa jike, rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limechanika. Binti yake Sir Maan akampa jina Lamees.

"Maana yake laini wa kugusa," Bi Kulusumu alikuja kuniambia baadaye. "Na hagusiki huyo, hata na nzi."

Hamuza ndiye alikuwa saisi mkubwa pale, Mganda mwenye mabega kama mlango. Alijaribu kumshika Lamees kwa nguvu kidogo tu, akapigwa teke akalazwa. Tangu hapo yule farasi akimwona Hamuza kwa mbali, masikio yanalala nyuma. Kazi ikamwangukia kaka yangu.

Kila jioni Onesmus alinitumia sauti kwa WhatsApp. Simu yangu ilijaa farasi.

"Fridah, sikia. Ukimfuata anakimbia. Kwa hiyo simfuati. Nasimama tu. Akinigeukia kunitazama, mimi namgeuzia mgongo naenda zangu. Leo amenifuata hatua chache, halafu akajifanya anakula majani. Ni kama Syombua tu, kiburi kile kile."

Mama naye alitumiwa. Akanipigia kulalamika. "Huyu kaka yako zile sauti zake anaongea na punda kuliko anavyoongea na mimi. Nasikia anamwita, anamwita, halafu ananiambia 'usiku mwema Mama.' Nimekuwa wa pili kwa punda."

Tulicheka. Mjue kwamba tulicheka, kwa sababu baada ya hapo sikucheka tena kwa muda mrefu.

Ilikuwa Desemba. Onesmus alivuka barabara kwenda kununua mkate kwenye duka lililo mkabala na shamba. Pikapu ikaja. Khalas.

Niliomba ruhusa ya kumsindikiza nyumbani. Meneja wangu akasema wenzangu wameshaenda Krismasi, hakuna wa kushika zamu, samahani sana. Watu wa Kitui walioko Dubai walikutana kanisani Oud Metha wakapanga kila kitu, Mungu awabariki. Nilipotoka kazini na kukimbia kumwona, sanduku lilikuwa limeshafungwa kwa safari. Niliona ubao tu, na jina lake limeandikwa juu.

Mwili ukapanda ndege, mimi nikapanda kitanda changu cha juu kwenye chumba cha kampuni, nikageukia ukuta.

Binamu zangu walinitumia video za mazishi. Sikuzifungua. Mama akianza kunieleza, "siku ile walipofungua sanduku," nilikuwa namkatiza. "Mama, tafadhali. Tuongee mambo mengine." Naye anaongea mambo mengine. Mbuzi, mvua, mguu wake unaouma.

Nilikuwa najilinda. Niliona nisipoyasikia, basi kaka yangu bado yuko kule shambani, anamgeuzia farasi mgongo.

Siku yangu ya ofu nikaenda kuchukua vitu vyake.

Hamuza ndiye aliyenipokea, kwa sababu walilala chumba kimoja. Alikuwa ameshapanga begi: viatu, redio ndogo, Biblia. Kando ya kitanda, msumarini, lilining'inia jaketi la bluu lenye nembo ya shamba. Wote pale wamepewa jaketi kama hilo wakati wa baridi.

Nililichukua nikazika uso wangu ndani. Jasho, majani makavu, na mafuta ya kupaka. Nikalia kama nisivyowahi kulia tangu habari inifikie. Nililia nikaishiwa nguvu, nikakaa chini kwenye simiti.

Nilipoinua kichwa, Hamuza alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, kama mtu mwenye neno ambalo halitaki kutoka.

"Ni lake?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Chukua, sista," akasema. "Livae. Nje kuna baridi."

Nikalivaa. Nikamwambia nataka kumwona huyo farasi kabla sijaondoka.

Tulimkuta zizini amesimama kona ya mbali, mbavu zimeanza kuonekana. Tangu Onesmus aondoke hakuna aliyemkaribia. Sir Maan na Sir Soud walikuwa pale uani wanabishana, na Bi Kulusumu amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, shali mabegani.

"Amemrukia daktari wa wanyama, amemvunja Hamuza," Sir Soud alikuwa anasema. "Watoto wanacheza hapa. Mimi sifugi simba."

"Mashindano bado," Sir Maan akajibu.

"Sawa. Asiposhikika mbele ya watu siku hiyo, daktari atamchoma sindano ya kumuua jioni yake. Umenipa neno lako?"

Sir Maan akamtazama farasi, akasema, "Nimekupa."

Mimi sikuwa na habari nao. Niliegemea mbao za zizi nikimtazama yule mnyama aliyemjua kaka yangu jioni zake zote za mwisho. Nikapenya katikati ya mbao kabla hawajaniona. Nikagonga ulimi, nikamsalimia kama unavyomsalimia mnyama yeyote, nikasimama.

Masikio yakainuka.

"Wewe binti, toka humo," Sir Maan akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kushtua. "Toka polepole."

Sikutoka. Lamees alikuja hatua, akasimama. Hatua nyingine. Akaninusa kifua, akaninusa shingo, akaniwekea kichwa begani, kizito, cha moto. Nikamshika shingo. Nikasema, "Na mimi pia nimeachwa."

Aliyesema wa kwanza alikuwa Bi Kulusumu. "Harufu hiyo. Mnyama hasahau harufu. Kamnusa nduguye kwenye nguo."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikaamini. Ningeaminije kingine, na pua yangu yenyewe ilikuwa imeamini kabla yake?

Hamuza peke yake hakuitikia. Alikuwa anatazama ardhi.

Sir Maan alipiga simu moja kwa kampuni yangu. Dubai, simu moja ya mtu mkubwa inatosha. Ruhusa ya kuzika nilinyimwa, lakini wiki hiyo hiyo nikahamishwa kwenda kulinda geti la shamba, na kila asubuhi na jioni niwe na Lamees zizini. Hasira niliyokuwa nayo kwa meneja yule sitaiandika hapa, kuna watoto wanasoma.

Nilifanya kila kitu alivyokuwa akisema Onesmus kwenye zile sauti. Nilisimama. Niligeuza mgongo. Nilimwacha akasirike, nilimwacha achoke. Hamuza alikaa nje ya mbao akinielekeza, kwa sababu akiingia tu ni vita.

"Usimtazame machoni, sista. Tazama bega. Sasa kamba iguse shingo, itoe. Iguse, itoe. Onesmus alikuwa anaitoa kabla hajakasirika, si baada."

Kamba ikazoeleka. Hatamu ikafuata. Nikaanza kumwinua miguu mmoja mmoja na kuisafisha kwato, jasho la woga likinitiririka. Daraja la mbao aliliogopa sana, akawa ananusa na kurudi, ananusa na kurudi, mpaka siku moja akavuka kama aliyeambiwa upande wa pili kuna maji. Tandiko akalikubali mwisho.

Jaketi sikulivua. Sikulifua. Usiku nililala nalo, nikiongea nalo kama mtu. "Leo amevuka daraja lako, Onesmus." Nilikuwa nalinusa kidogo kidogo, kwa uchoyo, nisije nikaimaliza ile harufu. Kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa mazishi yangu. Wengine walipata kaburi, mimi nikapata kitambaa.

Na Hamuza asubuhi alikuwa anatetemeka. Mnaosema Dubai haina baridi hamjalala jangwani mwezi wa kwanza. Alivaa sweta mbili, moja imetoboka kiwiko, na blanketi juu yake kama mgonjwa.

Sir Soud akamkuta hivyo. "Jaketi la shamba liko wapi?"

"Limepotea, sir."

"Mtu mzima anapotezaje jaketi?"

"Samahani, sir."

Nikasema moyoni, huyu jamaa naye ni mzembe. Nikaendelea na zangu.

Ikafika siku ya kuamkia mashindano. Nilipoenda kuoga nililitundika jaketi kwenye kamba ya nguo nje ya nyumba ya Bi Kulusumu pale shambani. Nikarudi, halipo. Nikatafuta kama mwendawazimu. Nikaambiwa lala, litaonekana.

Asubuhi Bi Kulusumu mwenyewe akaniletea, limekunjwa vizuri juu ya mikono yake miwili.

"Nimekufulia, mwanangu. Nimekupigia pasi. Nimelifukizia udi wangu wa sandukuni, ule ninaoweka wa harusi." Uso wake ulikuwa unang'aa. "Siku ya watu leo. Huendi mbele za watu na jasho la maiti."

Kwao ndivyo unavyompa mtu heshima. Nguo ya siku kubwa haivaliwi bila kupita kwenye moshi wa chetezo. Bibi wa umri ule alikuwa ameinama juu ya makaa kwa ajili yangu.

Nikamwambia, "Ahsante, Bi." Nikaenda bafuni nikafunga mlango. Niliingiza uso ndani ya lile jaketi nikavuta pumzi. Udi. Udi mtupu, mzuri, wa gharama. Kaka yangu hakuwemo.

Nilikuwa nimemzika sasa, na tena kwa mkono wa mtu aliyenipenda.

Uwanja ulikuwa kwenye shamba la mmoja wa wale marafiki. Mazulia yametandazwa, kahawa inamiminwa, wazungu wenye kamera. Farasi wa kwanza alimfuata mwalimu wake kama mbwa. Wa pili alisumbua kidogo. Wa tatu akapigiwa makofi mpaka kwenye tandiko. Daktari wa wanyama alikuwa amekaa karibu na Sir Soud, mkoba wake mweusi katikati ya miguu.

Likaitwa jina letu.

Lamees aliachiliwa, akazunguka uwanja mbio, shingo juu, anatafuta njia ya kutokea. Mimi nikaingia. Nilivaa lile jaketi kwa sababu sikujua kuingia bila hilo.

Unajua kile kilio unachokizuia, kinakaa hapa chini ya taya kama jiwe? Nilisimama katikati, nikageuza mgongo, nikasubiri. Hakuja. Upepo ukampelekea harufu yangu, akakoroma, akarudi nyuma mpaka akagonga mbao.

Nikamsogelea hatua. Akakimbia. Nikasimama. Akazunguka tena. Watu wakaanza kunong'ona. Nilimwona Sir Maan ameinamisha kichwa, na Sir Soud ameshamwinamia daktari. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya watu wote wale. Nilijua nimemaliza. Jioni hiyo watamchoma sindano, na kitu cha mwisho kaka yangu alichokigusa kwa upendo kitaburutwa kwa trekta.

"Sista."

Hamuza alikuwa amepanda juu ya mbao, nyuma yangu, na sweta yake iliyotoboka.

"Sista Fridah. Hilo jaketi ni langu."

Nilidhani nimeanza kusikia vitu.

"Langu," akarudia. "La Onesmus alienda nalo. Mimi ndiye nilimvalisha. Niliwaambia mochwari, huyu mtu hawezi kusafiri na shati tu, nikamfunga zipu mpaka hapa." Akashika shingo yake. "Siku ulipokuja ukachukua langu msumarini, ukalia. Ningesemaje? Ningekunyang'anya?"

Nilimtazama. Asubuhi zote zile za baridi zikanirudia kwa pamoja.

"Farasi huyu mimi ananichukia," Hamuza akasema. "Angekufuata kwa harufu yangu? Hakuja kwa nguo. Siku ile ulipoingia ulimwita. Kila siku unamwita, hujisikii? Ni vile vile alivyokuwa anamwita Onesmus. Leo umenyamaza. Mwite."

Na hapo ndipo nikamsikia Mama kwenye simu. Anamwita, anamwita, halafu ananiambia usiku mwema. Anaongea na punda kuliko na mimi.

Syombua. Vichaka vya Kitui, mimi na Onesmus, miguu mitupu, tunamtafuta punda kabla jua halijazama. Ulimi unagonga juu ya kinywa mara mbili, halafu unatoa sauti ya chini, ndefu, kama mtu anayefurahi kukaa chini. Hatukufundishwa na mtu. Tuliitunga sisi wawili, na duniani kote hakuna mwingine aliyeijua.

Nililivua lile jaketi nikamrushia Hamuza. Upepo ukanipita kwenye fulana. Nikajaribu kuita, ikatoka hewa tu. Nikameza lile jiwe. Nikajaribu tena.

Tk-tk. Hooooo.

Lamees akasimama ghafla, vumbi likampita. Lile sikio lililochanika likanigeukia.

Tk-tk. Hooooo.

Akaja. Hakukimbia, alitembea, kichwa chini, mpaka begani pangu. Nikamvika hatamu, na sikuona hata nilichokuwa nafunga, kwa sababu ya machozi. Tukavuka daraja. Tandiko sikulifikisha, muda uliisha. Tulikuwa wa mwisho, wa nne kati ya wanne.

Lakini alikuwa ameshikika mbele ya watu. Sir Maan alimwendea mdogo wake, wakatazamana. Sir Soud akamwambia daktari, "Yalla, rudi zako nyumbani." Daktari akachukua mkoba wake akaenda.

Hamuza alikuwa bado juu ya mbao, amelivaa jaketi lake linalonuka udi wa harusi, analia kama mtoto. Nilimshika mkono tu, nikaushika muda mrefu.

Siku ya pili yake nikampigia Mama.

"Mama," nikasema, "niambie Onesmus alizikwa amevaa nini."

Nikamsikia anavuta kiti.

"Siku zote nilitaka kukuambia, wewe hutaki," akasema. "Alikuwa amevaa jaketi la bluu, limefungwa mpaka shingoni. Watu wakasema atolewe avalishwe suti. Nikakataa. Nikasema aliyemfunga hii zipu alikuwa anampenda mwanangu, na mimi siifungui. Kwenye bega kulikuwa na nywele ndefu, za rangi ya mchanga. Shangazi yako akataka kuzitoa, anasema ni uchafu. Nikamwambia ziache. Sikujua ni za nini, lakini niliona zimekaa pale kama zimewekwa."

Ni za Lamees. Begani. Pale pale anapowekaga kichwa.

Nililia, Mama naye akalia, na kwa mara ya kwanza tulilia pamoja. Alinieleza mazishi yote, kuanzia gari lilipoingia mpaka udongo wa mwisho. Nami nikawa nauliza. Nani aliomba? Nani alibeba? Mvua ilikuwepo?

"Ilinyesha," Mama akasema. "Kidogo."

Lamees walimpeleka milimani Hatta joto lilipoanza, kwa rafiki yake Sir Maan mwenye nafasi kubwa. Sikumwona tena. Nilirudishwa kwenye jengo langu na lifti yake. Lakini kabla hajaondoka nilijirekodi kwenye simu, nikamtumia saisi wa huko. Anasema akimchezea ile sauti, farasi anainua sikio moja, anatafuta, halafu anarudi kula. Nilimwomba asiicheze mara nyingi. Si vizuri kumwita mtu ambaye hutamfikia.

Nyinyi mlio mbali, Dubai, Doha, popote, mkipigiwa simu ile ambayo kila mmoja wetu anaiogopa, msifanye nilivyofanya mimi. Ulizeni. Fungueni hizo video. Ulizeni alivaa nini, nani alimvalisha, nani alimshika kichwa. Mimi nilikumbatia nguo ya mtu mwingine msimu mzima wa baridi, wakati mama yangu alikuwa na kaka yangu mdomoni, anangoja tu nimwambie, "Mama, nieleze."